Neno la Kale la Kiingereza Lililomtaja Mwamuzi, na Kisiwa Kilichobaki Nalo

Swali limetoka kwa msomaji anayesomea sheria: "Mwalimu, shikamoo. Katika kusoma hukumu za nchi zinazofuata mfumo wa Kiingereza nimekutana na jaji wa Kisiwa cha Man anayeitwa Deemster. Kamusi yangu inasema tu kwamba ni jaji. Neno hili limetoka wapi? Je, lina udugu na condemn? Kwa nini Waingereza wenyewe hawalitumii? Na nikilifasiri kwa Kiswahili niandike nini?"

Marahaba, ndugu yangu. Nianze na lile tunaloweza kulimaliza upesi. Neno deemster halina udugu wowote na condemn. Condemn limetokana na neno la Kilatini damnum, yaani hasara au dhara, nalo liliingia katika Kiingereza kwa mlango wa Kifaransa. Kufanana kwake na deem ni kwa sura tu. Deemster ni la ukoo mwingine, ukoo wa lugha zilizozaa Kijerumani, Kiholanzi na lugha za Skandinavia, na watu walikuwa wakilitumia shina lake huko Uingereza karne nyingi kabla Kifaransa hakijafika. Ndugu zake halisi katika Kiingereza cha leo ni wawili: kitenzi deem, ambacho wengi wanakifahamu kwa maana ya kudhani au kuhesabu jambo kuwa hivi au vile, na nomino doom, ambayo siku hizi hutaja maangamizi yasiyoepukika. Namna neno moja la mahakamani lilivyozaa dhana upande mmoja na maangamizi upande wa pili ndiyo habari yenyewe uliyoniuliza.

Katika Kiingereza cha kale, yaani kile kilichozungumzwa na kuandikwa kabla ya mwaka 1066, hukumu iliitwa dōm, kuhukumu kuliitwa dēman, na mtu mwenye kuhukumu aliitwa dēma. Msomaji wa pwani atakumbuka mara moja dema la kutegea samaki. Maneno hayo mawili yamekutana kwa bahati, hayajuani. Swali la kwanza ambalo mwanafunzi makini huuliza hapa ni kwa nini nomino ina o na kitenzi kina e. Jibu ni kwamba hapo zamani zaidi kitenzi kilikuwa na sauti ya i baada ya shina, na ulimi uliokuwa ukijiandaa kuitamka i hiyo uliivuta o iliyotangulia mbele ya kinywa, hata ikawa e. Baadaye i ikatoweka, lakini alama yake ikabaki. Ndiyo sababu hadi leo Mwingereza ana food na feed, blood na bleed, doom na deem: kila jozi ni neno moja lililopigwa na i ambayo haionekani tena.

Sisi tunaotumia Kiswahili tuna haki ya kulielewa jambo hili kuliko watu wengi, kwa sababu i ya namna hiyo inafanya kazi katika lugha yetu mchana kweupe. Anayepika ni mpishi, anayeiba ni mwizi, anayegomba ni mgomvi, anayejenga ni mjenzi. Kila mara i ya mtendaji imeigeuza konsonanti iliyo mbele yake. Na anayeamua ni mwamuzi: z hiyo imetokana na l ya kale iliyokuwamo katika kitenzi kabla hatujaiacha katika matamshi ya kuamua. Katika Kiingereza i iligeuza irabu, kwetu imegeuza konsonanti, lakini kazi ni moja, na jina la mwenye kuhukumu limepitia humo katika lugha zote mbili.

Tukishuka kwenye maana tunakuta tofauti inayonivutia sana. Kuamua kwetu ni kwanza kutenganisha: mtu huwaamua wagomvi walioshikana, akaingia kati yao, ndipo baadaye neno likapanda hadi kwenye baraza na hukumu. Dōm haikuanzia kwenye ugomvi. Shina lake la mbali lilimaanisha kuweka, kuliweka jambo mahali pake likatulia, na kutoka shina hilohilo Wayunani walipata themis, amri na haki iliyowekwa. Maana hiyo bado ilikuwa hai kwa Waingereza wa kale. Sheria za Mfalme Æthelberht wa Kent, zilizotungwa karibu na mwaka 600 na kutufikia kupitia kitabu kilichonakiliwa Rochester katika karne ya 12, zimefunguliwa kwa sentensi isemayo kwamba hizi ndizo dōmas alizoziweka Mfalme Æthelberht katika siku za Augustino, mmisionari aliyetumwa kutoka Roma, na kitenzi kilichotumika ni asette, aliweka. Utaona kwamba wakati huo dōm haikuwa hukumu ya kesi moja peke yake. Sheria nayo iliitwa hivyo. Hata neno law, ambalo tunalifasiri kuwa sheria, Waingereza walilipata kwa Waskandinavia na asili yake ni vitu vilivyolazwa au kuwekwa. Sisi pia husema Bunge limeweka sheria, na hatukufundishwa na mtu.

Usimfikirie dēma kuwa mtu aliyeketi peke yake juu ya kiti kirefu akiwa na joho. Baraza la wilaya lilikutana mara mbili kwa mwaka, na askofu pamoja na mkuu wa eneo walitakiwa kuhudhuria; baraza dogo la tarafa lilikutana kila baada ya wiki nne, tena mara nyingi mahali pa wazi, penye mti mkubwa au kilima. Hukumu ilitamkwa na watu huru wa mahali pale waliozijua desturi, na mkuu aliyesimamia kikao alikuwa zaidi mwenye kukiendesha kuliko mwenye kuamua peke yake. Anayewakumbuka wazee wa baraza katika mahakama zetu za zamani atapata picha iliyo karibu kidogo.

Mfalme aliyeliinua neno hili kuliko wote ni Alfred, aliyetawala kuanzia mwaka 871 hadi 899. Kitabu chake cha sheria kiliitwa dōmbōc, kitabu cha hukumu, na katika utangulizi wake, alipokuwa akifuata Kitabu cha Kutoka, aliandika maneno ambayo ningependa kila mwanafunzi wa sheria ayasome kwa sauti: "Ne dem ðu oðerne dom þam welegan, oðerne ðam earman." Maana yake ni kwamba usimhukumu tajiri kwa hukumu moja na maskini kwa nyingine, na mara baada ya hapo anaongeza kuwa usifanye hivyo pia kati ya umpendaye na umchukiaye. Sikiliza jinsi dem na dom zinavyogongana ndani ya sentensi moja, kitenzi na nomino yake, kama tunavyosema kuhukumu hukumu. Asser, mtawa wa Wales aliyeandika maisha ya Alfred mwaka 893, anasimulia kwamba mfalme alizichunguza hukumu zilizotolewa bila yeye kuwapo, na alipogundua kwamba mwamuzi amekosea kwa kutojua, alimpa mawili: ajifunze kusoma au aiache kazi. Wazee ambao ulimi wao haukuwahi kuzoea herufi waliketi na mwana, au jamaa, au hata mtumwa wao, wakasomewa vitabu vya Kiingereza usiku na mchana, huku wakiugua kwamba ujana wao ulipita bila elimu hiyo. Mimi sijui ushahidi mwingine wa zama zile unaotuonyesha waamuzi wa kale kwa ukaribu kama huu.

Kisha ukaja mwaka 1066. Wanormandi, watu wa Normandi katika Ufaransa ya kaskazini, walipoishika Uingereza, Kifaransa kilikuwa lugha ya watawala na baadaye lugha ya mahakama za mfalme, na Kilatini kikabaki lugha ya kumbukumbu. Pamoja nao likaja neno juge, lililotoka katika Kilatini iudex, mwenye kuitamka haki, na ndilo judge la leo. Hata sheria ya mwaka 1362 iliyoagiza kesi zisikilizwe kwa Kiingereza, kwa sababu watu hawakukielewa Kifaransa, yenyewe iliandikwa kwa Kifaransa. Na Kifaransa cha wanasheria hakikukoma kabisa hadi karne ya 18, Bunge lilipoagiza kwamba kuanzia mwaka 1733 shughuli zote za mahakama ziandikwe kwa Kiingereza. Ukiyapanga maneno ya mahakama ya Kiingereza utaona mpaka ulipopita. Judge, court, jury na verdict ni za Wafaransa. Thief, steal, oath na witness ni za wenyeji. Mshindi alichukua kiti na jengo. Mwizi, wizi na kiapo viliachwa kwa wenyewe.

Nasi yalitukuta yaleyale, na kwetu yalikuja mawimbi mawili. Mwizi ni neno letu na kiapo ni neno letu, lakini mahakama, hakimu, kadhi, wakili na shahidi vimetoka katika Kiarabu, na juu yao akaja jaji kutoka kwa Mwingereza, ambaye naye alikuwa amemwazima kwa Mfaransa. Kwa hiyo mtu anayemwita jaji wa Mahakama Kuu kwa cheo chake anatamka, bila kujua, neno lilelile lililomwondoa dēma kitini. Mwamuzi wetu wa asili hakufa. Alibakiwa na jina la kitabu katika Biblia na akapewa filimbi uwanjani. Kwa Waskandinavia, ambao hawakutawaliwa na Wanormandi, neno lilibaki zima: Mdenmaki na Mnorwei humwita dommer, na Mswidi humwita domare, yule anayehukumu kesi na yule anayechezesha mpira.

Hata hivyo ushindi wa judge haukuwa wa siku moja. Wakati wa Krismasi ya mwaka 1085 Mfalme William, yule Mnormandi mshindi, aliagiza nchi yote ihesabiwe, nani ana shamba gani, lenye plau ngapi na vinu vingapi, na kitabu kilichotokana na hesabu hiyo ya mwaka 1086 kiliandikwa kwa Kilatini na waandishi wa mfalme. Lakini jina tunalolijua hakikupewa na mfalme. Karibu karne moja baadaye Richard FitzNeal, mweka hazina wa mfalme, alieleza kwamba ni wenyeji walioliita Domesday, yaani Siku ya Hukumu, kwa mfano, kwa sababu kama vile hukumu ya siku ya mwisho haikwepeki kwa ujanja wowote, ndivyo yaliyoandikwa humo yasivyoweza kubatilishwa. Walioshindwa, walionyang'anywa ardhi na lugha yao ikatolewa barazani, ndio waliokipa jina kitabu cha mshindi, na jina lao ndilo lililodumu. Nami nalisisitiza kwa sababu wanafunzi wengi hufasiri jina hilo kama Kitabu cha Maangamizi, na kwa kufanya hivyo wanalizima jambo zuri kuliko yote yaliyomo ndani yake.

Katika mwisho wa karne ya 14, walipotafsiri Biblia wafuasi wa Wycliffe, mwanatheolojia wa Uingereza, kitenzi kilikuwa bado na nguvu zake: Mathayo 7:1 inasomeka "Nile ye deme, that ye be not demed." Katika tafsiri ya mwaka 1611 mahali hapohapo pameandikwa "Judge not, that ye be not judged." Ndani ya miaka isiyofika 250 neno la wenyeji limeondoka na la mgeni limekaa. Biblia yetu nayo, ukiifungua pale, inasema "Msihukumu, msije mkahukumiwa ninyi," na hukumu ni neno lililotoka Uarabuni.

Neno likishanyimwa mahakama ya duniani, lilibaki na ile ya mbinguni. Ukutani mwa makanisa, juu ya tao linalotenganisha waumini na madhabahu, Waingereza walichora Kristo ameketi akihukumu, waliookolewa upande mmoja na waliopotea upande wa pili wakiburutwa kwenye kinywa cha jehanamu, na picha hizo ziliitwa Doom. Moja kubwa ya karne ya 15 ingali katika kanisa la Mtakatifu Thomas mjini Salisbury. Mtu aliyelisikia neno doom kila Jumapili huku macho yake yakitazama moto ule hakuweza kuendelea kulifikiria kama uamuzi tu, ambao huweza kumpa mtu haki yake. Nusu ya hofu ikaimeza nusu ya haki, na ndipo doom ikawa maangamizi. Deem nayo ilipoa kwa njia yake: kutoka kuhukumu ikashuka hadi kuona, kudhani, kuhesabu.

Sasa tumfikie Deemster mwenyewe. Kiambishi -ster katika Kiingereza cha kale kilitengeneza majina ya wanawake watendaji, na webster alikuwa mwanamke mfumaji, baxter mwanamke mwokaji; lakini baadaye, hasa kaskazini, kilipoteza jinsia kikabaki cha mtendaji yeyote. Demester ni neno la kaskazini hiyo, kwa hiyo usilitafute uanamke ndani yake. Lilipopita midomoni lilijipatia p, kwa kuwa midomo inayofunguka kutoka m kwenda s huacha mlipuko mdogo, kama ilivyotokea katika jina Thompson, na hivyo ukoo wa Dempster uliopo Uskoti unabeba cheo cha babu. Huko Uskoti dempster alikuwa mtumishi wa mahakama aliyetamka adhabu baada ya majaji kuipitisha, na katika siku zake za mwisho, hadi karne ya 18, kazi hiyo ilikuwa imeangukia mikononi mwa mnyongaji. Sijui mteremko mwingine wa cheo wenye kuhuzunisha kama huo.

Kisiwa cha Man peke yake ndicho kilichomhifadhi akiwa na heshima yake. Ni kisiwa cha kilomita za mraba 572 kati ya Uingereza na Ireland, ambacho si sehemu ya Ufalme wa Muungano ingawa kiko chini ya Taji. Kilitawaliwa na wafalme wa asili ya Norwei mpaka mwaka 1266, kikapita kwa Waskoti, kisha kwa Waingereza, na lugha yake ya asili, Kimanx, ni ndugu wa Kiayalandi. Kwa Kimanx mwamuzi huitwa briw. Neno deemster basi lilikuwa geni pale, lilitoka ng'ambo pamoja na Kiingereza cha kaskazini, na likaishi ugenini baada ya kufa kwao. Tangu zamani walikuwapo wawili, mmoja wa kaskazini ya kisiwa na mmoja wa kusini, nao waliibeba sheria kichwani. Wenyeji waliiita sheria ya kifuani, kwa kuwa ilikaa katika vifua vya Deemster na ikatolewa kesi ilipohitaji, hadi katika karne ya 15 watawala wa ukoo wa Stanley walipotaka iandikwe. Leo vyeo vya Deemster wa Kwanza na wa Pili vingalipo katika Mahakama Kuu ya kisiwa, na kila mwaka, kwa kawaida tarehe 5 Julai, sheria mpya hutangazwa kwa Kiingereza na Kimanx juu ya kilima cha Tynwald, hadharani, mbele ya watu.

Anayeshika cheo hicho huapa kiapo ambacho hutakisahau. Anaapa kwa Kitabu na kwa kazi za ajabu ambazo Mungu amezifanya mbinguni juu na duniani chini kwa siku sita na mausiku saba, kwamba bila upendeleo wala urafiki, mapenzi wala faida, udugu wa damu wala wa ndoa, kijicho wala uovu, atazitekeleza sheria za kisiwa kati ya Taji na raia, na kati ya mtu na mtu, kwa usawa kama uti wa heringi ulalavyo katikati ya samaki. Heringi ni jamaa wa dagaa-papa wetu, na kwa karne nyingi ndiye aliyekuwa kitoweo na biashara ya watu wa Man. Mpasue kwa kisu kutoka kichwani hadi mkiani na utaona walichokiona: uti umenyooka, nyama ya kushoto na ya kulia zimegawana sawasawa, na hakuna upande unaoweza kuuvuta kwake. Waliotunga kiapo hicho waliichukua mizani ya haki mezani pao.

Kuhusu tafsiri, nakushauri hivi. Unapoandika juu ya mahakama za Man leo, acha Deemster kama jina la cheo na ueleze mara moja kwamba ni jaji wa Mahakama Kuu ya kisiwa, kwa sababu ndicho cheo chake. Ukiandika juu ya dēma wa zama za Alfred, tumia mwamuzi. Jaji angemvika joho asilokuwa nalo, na hakimu angempa ngazi katika mfumo ambao haukuwapo. Dōmas za wafalme wa kale ziite hukumu au maamuzi, kamwe usiziite maangamizi.

Lililo gumu zaidi ni deem, na hili halikuhusu kisiwani tu. Tangu mwaka 2021, sheria ilipokitaja Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania, maneno "shall be deemed" yanapita mikononi mwa wafasiri wetu kila siku, na nimeona baadhi yao wakiandika itadhaniwa. Katika mazungumzo ya kawaida hiyo ni sawa, kwani deem ya mitaani ni dhana. Deem ya sheria siyo. Ndani ya vifungu vya sheria kitenzi hiki kimebaki na nguvu yake ya kale: aliyeiandika sheria amekwisha kuhukumu, na mahakama inapokea alivyohukumu. Kifungu kikisema kwamba barua iliyotumwa kwa rejista itachukuliwa kuwa imemfikia mdaiwa baada ya siku kadhaa, basi imefika, isipokuwa kifungu chenyewe kimeacha nafasi ya kuthibitisha kinyume. Ukiandika itadhaniwa, mdaiwa atasimama na bahasha yake ambayo haijafunguliwa, atasema dhana yenu haikuwa kweli, na hakimu aliyeshika tafsiri yako mkononi hatakuwa na la kumjibu. Andika itachukuliwa kuwa, au itahesabiwa kuwa.